Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kufungua Biashara Ndogo ya Utabiri wa Nyota na Kuichagulia Jina

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayefikiria kufungua ofisi ndogo ya unajimu, ya kusoma viganja, ya karata au ya kupiga bao, na yanahusu Tanzania Bara isipokuwa pale inapotajwa vinginevyo. Kazi yangu ni kuwajazia watu fomu za usajili wa biashara, na wengi wanaonijia na jambo hili huanza kwa kuniuliza jina lipi litavuta wateja. Mimi huwarudisha nyuma kidogo, kwa sababu jina la biashara ya namna hii husomwa na watu watatu tofauti: mteja anayetafuta tumaini, ofisa anayetafuta kosa, na jirani ambaye tayari ana maoni yake.

Je, kutabiri kwa malipo ni halali?

Swali hili lingepaswa kuulizwa la kwanza, ingawa kwa kawaida huulizwa la mwisho, wakati pango limekwisha kulipwa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani mtu ambaye kwa malipo au ujira anajitia kutabiri bahati za watu, au anayejidai kuwa kwa ujuzi wake wa elimu ya siri anaweza kugundua mahali kilipo kitu kilichoibwa au kupotea. Kenya inayo sheria ya maneno hayo hayo katika kifungu cha 319 cha Kanuni yake ya Adhabu, na kufanana huko ni urithi wa ukoloni, kwani Waingereza walizigawia nchi walizozitawala sheria zilizoshonwa kwa kipimo kimoja. Juu ya hayo iko Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyotungwa mwaka 1928, ambayo tafsiri yake ya neno uchawi ni pana kiasi cha kumfikia hata mtu anayedai tu kwamba anayo elimu ya siri.

Wakati huo huo kurasa za nyota zimechapishwa magazetini kwetu kwa miongo mingi, na marehemu Sheikh Yahya Hussein wa Magomeni, aliyefariki Mei 2011, alitoa utabiri wake hadharani, magazetini na kwenye televisheni, hadi akawa maarufu kuliko wanasiasa wengi aliowatabiria. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba kwa kuwa jambo linaonekana kila siku basi sheria yake imekufa. Sheria iliyolala huamka pale mteja mmoja anapokwenda polisi na risiti za miamala ya simu.

Ushauri wangu ni kwamba biashara ijengwe upande ule ambao hatari yake ni ndogo, yaani kuandika, kueleza, kufundisha na kuburudisha: makala za nyota, kalenda, vitabu, vipindi, darasa la falaki (yaani elimu ya nyota), meza ya kusoma viganja kwenye sherehe. Kadiri unavyokaribia kumwahidi mtu mmoja jambo lake mahususi kwa fedha zake, ndivyo unavyokaribia kifungu nilichokitaja. Mstari wenyewe unapita wapi kwa hali yako, hilo ni la wakili, na saa moja ya wakili ni nafuu kuliko dhamana.

Nijiite mnajimu, mpiga ramli, mtabiri au mganga?

Jiite kile unachokifanya, kwa sababu maneno haya hayana maana moja, na wateja wa Kiswahili wanazijua tofauti zake.

Mnajimu hushughulika na nyota na burji 12, ambazo magazeti yetu huziita Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Wanajimu wa pwani wengi hawaulizi tarehe ya kuzaliwa. Wanauliza jina lako na jina la mama yako, kisha wanayahesabu kwa abjadi, ambamo kila moja ya herufi 28 za Kiarabu ina thamani yake, kuanzia alifu ambayo ni 1 hadi ghaini ambayo ni 1,000. Tuchukue mtu aitwaye Juma, mwana wa Fatma. Juma huandikwa kwa jimu, mimu, aini na te ya mviringo inayohesabiwa kama he: 3, 40, 70 na 5, jumla 118. Fatma ni fe, alifu, to, mimu na te ile ile: 80, 1, 9, 40 na 5, jumla 135. Zote pamoja ni 253. Ukiondoa kumi na mbili kumi na mbili hadi usiweze tena, umeondoa 252 na imebaki 1, na burji ya kwanza ni Hamali, yaani Punda. Mnajimu wa kweli huifanya hesabu hiyo mbele ya mteja kwa kalamu ya risasi, na mteja anaweza kuirudia nyumbani. Hilo peke yake linamtofautisha na mtu anayefumba macho na kutetemeka.

Mpiga ramli, ambaye wengi humwita mpiga bao, hufanya kazi na mchanga au karatasi. Huchapa nukta nyingi bila kuzihesabu, kisha huziondoa mbili mbili. Ikibaki moja huandika nukta moja, zikibaki mbili huandika mbili. Mistari minne ya namna hiyo hufanya umbo moja, na maumbo yanayoweza kupatikana ni 16 tu. Ni elimu yenye utaratibu wake, lakini neno ramli limechafuliwa mno nchini kwa sababu nitakazozieleza chini, na mimi simshauri mtu yeyote aliweke kwenye kibao cha mlangoni.

Mganga ni jambo jingine kabisa. Anayetibu anaangukia kwenye Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, na anapaswa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, yeye pamoja na kituo chake. Usajili huo unahusu tiba. Haukupi ruhusa ya kutabiri, na anayetundika cheti cha Baraza ukutani huku akipiga bao chini yake anajidanganya mwenyewe.

Nikitumia jina langu mwenyewe, ni lazima nisajili?

Sheria ya Majina ya Biashara, Sura ya 213, inamlenga mtu anayefanya biashara kwa jina lisilo lake halisi. Ukifanya biashara kwa majina yako kamili kama yalivyo, bila kuongeza kitu, huna jina la biashara la kusajili. Lakini neno moja likiongezeka hesabu inabadilika. Juma Salehe ni jina la mtu. Maalim Juma Salehe, Juma Salehe Nyota, Juma Salehe na Wanawe, yote ni majina ya biashara na yanapaswa kupelekwa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Watu wa kazi hii hawakai bila lakabu, kwa hiyo karibu wote wanaangukia upande wa kusajili.

Usajili wenyewe unafanywaje?

Hufanywa kwa mtandao, kwenye mfumo wa BRELA. Utahitaji Namba ya Utambulisho wa Taifa kutoka NIDA, namba ya simu, barua pepe, na anwani ya mahali biashara ilipo. Tafuta kwanza kama jina unalolitaka limekwisha kuchukuliwa, jaza fomu, toa ankara, lipa kwa simu au benki, kisha subiri. Fomu ikirudishwa kwa marekebisho, soma maelezo ya ofisa hadi mwisho kabla ya kubofya chochote. Wengi wanaituma tena vile vile ilivyokuwa, kisha wanalalamika kwamba mfumo una matatizo. Kumbuka pia kwamba ipo ada ya utunzaji ya kila mwaka, ambayo watu huisahau hadi siku wanapotaka kubadilisha kitu.

Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na jina lililosajiliwa Dar es Salaam halikulindi Darajani.

Ni maneno gani niyaepuke kwenye jina?

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi na wateja wangu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kundi la kwanza ni maneno ya kitabibu: tiba, kliniki, hospitali, zahanati, dawa, uponyaji. Ukiweka mojawapo, umejipeleka mwenyewe kwenye mamlaka za afya, na hata BRELA wakilipitisha jina, utakutana na swali hilo kwenye leseni. Kundi la pili ni vyeo usivyokuwa navyo, hasa Dokta na Profesa. Nchi hii imejaa maprofesa wa nguzo za umeme. Mteja wa mjini anapoliona neno Profesa kando ya namba ya simu iliyopakwa rangi nyekundu ukutani, anajua papo hapo ni mtu wa aina gani, na asiyejua ndiye hasa atakayeumizwa. Sheikh na Maalim ni vyeo vya heshima vinavyotolewa na watu waliosoma kwako au mbele yako. Kama mtaani kwako hakuna anayekuita hivyo, usijiite kwenye fomu.

Kundi la tatu ni maneno yanayoashiria serikali au mamlaka, kama Taifa, Tume, Baraza, Wakala, au majina ya viongozi. Haya hukataliwa kirahisi, na yanastahili kukataliwa. Kundi la nne ni maneno ya kampuni: jina la biashara si kampuni, kwa hiyo huwezi kulimalizia kwa Limited kwa sababu tu linapendeza machoni.

Kundi la tano, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni ahadi. Kuna jamaa aliwahi kuja mezani kwangu akiwa na karatasi ya daftari yenye majina kumi na mbili, moja kwa kila burji, na karibu yote yalikuwa na neno la uhakika: Bahati Kamili, Ukweli Mtupu, Hakika ya Kesho, Jibu la Mwisho. Nilimwomba asome kila moja kwa sauti kama vile angekuwa mwendesha mashtaka. Alipofika la nne alicheka mwenyewe, akakunja karatasi. Jina linaloahidi matokeo ni ushahidi ulioandikwa kwa mkono wako na kugongwa muhuri wa serikali. Linamwambia hakimu kwamba ulikusudia mteja aamini, na linamwambia mteja kwamba asipopata alichokifuata basi ametapeliwa. Jina linalotaja chombo au fani halina mzigo huo: Meza ya Nyota, Kalenda ya Burji, Darasa la Falaki, Viganja na Karata. Yanachosha kidogo, nakubali. Lakini yanaweza kukaa kwenye risiti bila aibu, na mteja anayeingia chini ya kibao cha namna hiyo anaingia na matarajio ya kadiri.

Mwisho, liseme jina kwenye simu yenye mtandao mbovu. Wateja wa kazi hii huja kwa kuambiwa na mtu, na jina ambalo mama wa makamo hawezi kumtajia shoga yake mara moja akaelewa, hilo halitasafiri. Majina ya Kiarabu yaliyoandikwa kwa madaha, yenye herufi mbili mbili zisizotamkwa, huishia kuandikwa vibaya kwenye simu za watu.

Je, ni vibaya kulipigia hesabu ya falaki jina la biashara kabla ya kulisajili?

Si vibaya, na ingekuwa ajabu mnajimu asifanye hivyo. Ila chagua majina matatu yenye hesabu unayoipenda, maana mfumo wa usajili hauulizi burji ya jina bali kufanana kwake na majina mengine. Nimemwona mtu akikataa kubadilisha herufi moja kwa sababu ingeivuruga jumla yake, na ombi lake likakaa wiki nyingi bila kusogea.

Jina nililosajili ni mali yangu?

Kwa kiasi kidogo tu. Cheti cha jina la biashara kinaonyesha nani yuko nyuma ya jina hilo, ili anayedai ajue wa kumdai. Ulinzi wa jina dhidi ya waigaji hupatikana kwa kusajili alama ya huduma chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, Sura ya 326, ambayo kwa Bara hudumu miaka 7 na baadaye huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Katika mgawanyo wa kimataifa wa bidhaa na huduma unaotumiwa katika usajili huo, unajimu na usomaji wa karata vimewekwa katika daraja la 45. Kwa meza moja ya mtaani gharama hiyo haina sababu. Ukianza kuchapisha kalenda na kuiuza mikoani, hapo ina sababu kubwa, kwa kuwa kalenda huigwa haraka kuliko kanga, na kalenda yenyewe, kwa kuwa ni karatasi iliyochapwa, iko daraja la 16.

Sehemu ya shughuli za biashara nijaze nini?

Jaza ukweli. Mifumo ya usajili hutumia orodha ya kimataifa ya shughuli za kiuchumi, na katika orodha hiyo kazi za wanajimu zimetajwa ndani ya namba 9609, miongoni mwa huduma nyingine za binafsi zisizo na mahali pengine. Ni kichekesho kwamba watakwimu wa dunia wametutengea namba ilhali Kanuni ya Adhabu inatutengea kifungu, lakini ndivyo ilivyo. Kama kazi yako hasa ni kuchapisha kalenda au vijitabu, chagua uchapishaji. Kama ni kuburudisha kwenye hafla, chagua burudani. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kuandika ushauri wa biashara, akidhani amejificha. Siku ofisa anapopita na kukuta mchanga mezani badala ya vitabu vya hesabu, umeongeza kosa la kutoa taarifa za uongo juu ya lile ulilokuwa ukilikimbia.

TIN na leseni ni lazima?

Ndiyo. Namba ya mlipakodi, yaani TIN, hutolewa na TRA, Mamlaka ya Mapato, bila malipo, na anayeanza biashara anapaswa kuiomba ndani ya siku 15. Mfanyabiashara mdogo binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka hukadiriwa kodi kwa kufuata mauzo, kwa hiyo weka kumbukumbu, hata kama ni daftari la mistari. Leseni ya biashara, chini ya Sura ya 101, huombwa halmashauri kwa shughuli ndogo za kawaida, siku hizi kupitia mfumo wa TAUSI, na hudumu mwaka mmoja. Ofisa biashara anaweza kukukatalia kwa sababu ya aina ya shughuli, na akikataa, mwombe aandike sababu. Usihonge. Leseni iliyopatikana kwa bahasha haina mtetezi.

Mteja akitaka nimtajie mwizi wake, au mtu anayemroga, nifanyeje?

Usitaje. Usitaje jina, usitaje herufi ya kwanza, usitaje upande wa nyumba, usiseme ni mwanamke mfupi mweusi anayekaa karibu na mti. Hakuna jibu lingine kwa swali hili, na kama biashara yako haiwezi kuishi bila kulijibu, basi usiifungue.

Jambo hili lina jina lake nchini: ramli chonganishi. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu mtu mmoja, kwa malipo, alimwambia mfiwa kwamba adui yake ni bibi wa jirani mwenye macho mekundu, macho ambayo mara nyingi yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka hamsini. Watu wenye ualbino waliwindwa kwa sababu watu wengine walilipwa kusema kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli, na polisi wamekuwa wakiwakamata tangu hapo. Ndiyo maana nimesema neno lenyewe limechafuka: anayeandika ramli mlangoni leo, hata awe mpole namna gani, anajiweka kwenye foleni moja na watu hao.

Katika utendaji, andaa maneno yako mapema, kwa kuwa mteja anayelia ni mgumu kumkatalia. Wengine hubandika karatasi ukutani: hapa hatutafuti wezi, hatutaji wachawi, hatutibu, hatutoi namba za bahati nasibu. Karatasi hiyo itakukosesha baadhi ya wateja siku ile ile, na hao ndio uliotaka wasiingie. Mwenye kuibiwa mwelekeze kituo cha polisi, na mgonjwa mwelekeze zahanati, tena kabla hajatoa fedha.

Tangazo liandikweje?

Litaje unachofanya, mahali, saa na bei. Msamiati wa kuta na nguzo uache kabisa: kurudisha mpenzi kwa saa 24, kusafisha nyota, pete ya utajiri, mvuto wa biashara, kushinda kesi. Maneno hayo yamekuwa mali ya matapeli wa ujumbe mfupi, wale ambao wananchi hutakiwa kuzipeleka namba zao kwenye 15040, na tangazo lako likifanana nao hutapata nafasi ya kujieleza. Usitumie pia sifa za mahali, kwamba umetoka Sumbawanga, Tanga au Pemba. Ni dharau kwa watu wa huko, na ni ahadi ya uchawi iliyovishwa kanzu.

Kuandika chini ya tangazo kwamba huduma ni ya burudani ni jambo zuri kwa mteja, lakini usilichukulie kama kinga. Katika jimbo la New York sheria inawaondolea hatia wanaotabiri kwa burudani tu, na ndiyo sababu utaona maneno hayo kwenye mabango ya kule. Kanuni yetu haina dirisha hilo. Ndugu zetu walioko nje wanapaswa kuuliza sheria ya pale walipo: Uingereza iliifuta mwaka 2008 sheria yake ya 1951 juu ya wadanganyifu wanaodai kusema na mizimu na kuliacha suala hilo kwenye sheria za kumlinda mteja, na Kanada iliondoa kosa la kujifanya mchawi mwaka 2018, ingawa utapeli umebaki kuwa utapeli.

Nitoze kiasi gani?

Bei moja, iliyoandikwa, inayolipwa mara moja. Siwezi kukupangia kiasi, lakini naweza kukwambia mpango wa bei unaoharibu watu: mteja analipa kidogo kujua tatizo, kisha zaidi ili kuliondoa, kisha zaidi kwa sababu limerudi na wenzake. Huo ndio muundo wa utapeli hata kama unaamini kila neno unalolisema. Toa risiti, na anayerudi mara ya tatu kwa wiki moja na jambo lile lile, mkatalie.

Majina na siri za wateja nizitunzeje?

Mnajimu wa abjadi ana daftari lenye jina la mteja, jina la mama yake, namba yake ya simu, na mara nyingi hofu yake kubwa imeandikwa pembeni. Hizo ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za namna hiyo ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, azitumie kwa lengo alilomweleza mhusika tu, na azilinde. Kwa ofisi ya chumba kimoja, anza na kabati lenye kufuli na kanuni kwamba simu ya ofisi haishikwi na mtoto wa dada. Usirekodi mazungumzo, na usiweke picha ya mteja kwenye hadhi ya WhatsApp hata akikupa ruhusa akiwa na furaha. Furaha huisha, picha hubaki kwenye simu za watu.

Majirani na viongozi wa dini watapinga. Nijibu nini?

Huenda huna la kuwajibu. Qur'ani, katika sura ya tano, aya ya 90, inaitaja mishale ya kupigia ramli pamoja na ulevi na kamari, na Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, halimwachi mwenye kutazama bao. Anayefungua biashara hii katikati ya waumini ajue kwamba wanalo andiko, na asijaribu kushindana nao kwa kupachika aya mlangoni au kuvaa kilemba ambacho hajawahi kukivaa. Mweleze mwenye nyumba kazi yako kabla ya kusaini mkataba wa pango, na iandikwe humo. Mpangaji aliyesema ataweka saluni ndogo ndiye anayetolewa vyombo nje wiki ya pili.

Nikiamua kuacha, kuna la kufanya zaidi ya kufunga mlango?

Lipo. Toa taarifa BRELA kwamba biashara imekoma ili jina liondolewe kwenye daftari na ada isiendelee kudaiwa, kisha nenda TRA usimamishe makadirio, vinginevyo kodi itaendelea kuhesabiwa kwa biashara isiyokuwepo. Rudisha leseni halmashauri au acha iishe muda wake bila kuihuisha. Futa kibao ukutani kwa rangi ya ukuta wenyewe, pamoja na namba ya simu, kwa kuwa atakayepanga baada yako ataendelea kugongewa mlango usiku na watu wenye shida. Kumbukumbu za mauzo uzihifadhi kwa ajili ya TRA. Lile daftari lingine, lenye majina ya watu na mama zao, lichome mwenyewe na usubiri mpaka liishe.